Upande wa Pili wa Wimbo

Novemba kule Jylland, kaskazini mwa Ulaya, jioni huingia kabla kahawa ya saa tisa haijapoa. Ndiyo saa aliyoshuka Merete kwenye chumba cha chini ya nyumba kuchapa wimbo.

Mumewe, Birger, alikuwa akitimiza miaka sitini. Wageni walishaanza kujaa ukumbi wa kijiji, na sherehe isiyo na wimbo uliotungwa na watu wa nyumbani, kila mgeni na karatasi yake, si sherehe, ni matanga yenye nyama. Zamani nyimbo zote hizo alizitunga Solvej, mke wa kwanza wa Birger. Solvej alishakufa. Lakini jamani, kuna wafu wasiokubali kufa! Kila harusi utasikia, "Ah, angekuwepo Solvej..." Kila ubatizo, Solvej, Solvej. Merete alichoka. Mke mwenza aliye hai utamsuta, roho itulie. Huyu utamsutia kaburini?

"Leo wataimba wangu," alijiambia. "Leo watajua mwenye mume ni nani."

Printa nayo ilikuwa ya Solvej, kuukuu, nzito kama jiko. Merete akaagiza nakala arobaini. Juu ya wimbo aliweka picha yake na Birger wakibusiana.

Kioo kidogo kikawaka: KUMBUKUMBU IMEJAA.

Akampigia kaka yake Troels, fundi wa mashine za ofisi.

"Ondoa picha, dada. Inaishinda nguvu mashine hiyo."

"Siondoi ng'o! Na mimi nionekane."

"Haya, bishana na chuma. Basi izime, chomoa waya. Fungua ubavuni, toa kadi ya kumbukumbu, ipanguse, irudishe. Usiiwashe bila kadi, haitachapa hata nukta."

Akazima, akachomoa waya, akaitoa kadi. Mashine ilikuwa ya moto, lakini kadi ilikuwa baridi... baridi ya kuuma vidole.

Kisha ikaja harufu. Moshi wa zile sigara nyembamba za kahawia alizokuwa akivuta Solvej.

"Troels," alinong'ona, "kuna mtu anavuta sigara humu."

"Mimi niko kwangu, nitajuaje?"

Krrr... krrr...

Printa ilikuwa inachapa.

Waya ulikuwa sakafuni. Kadi ilikuwa kiganjani mwake.

"Troels... inachapa yenyewe."

"Utakuwa umechomoa waya wa taa, dada. Acha mchezo."

Karatasi zikatoka moja moja, mpaka arobaini. Kioo kikahesabu kurasa themanini, kikazimika.

"Hizo kongwe huchanganya hesabu," Troels alisema. "Kihesabio kimechoka tu."

Mwenye akili angekimbia. Lakini wivu hauna akili. Merete aliiona picha yake imetoka safi, busu linang'aa, akaona amemshinda marehemu. Akazikunja karatasi zingali moto, upande wa picha nje, bila kuzigeuza, akazifunga utepe mwekundu kama ilivyo desturi, akatoka mbio.

Ukumbini, baada ya nyama ya nguruwe na kabichi, watu wakafungua utepe, wakasimama, wakaimba. Beti tatu. Zake! Merete alisikia raha mpaka machozi yakamlenga.

Ubeti wa tatu ukaisha.

Hakuna aliyekaa.

Karatasi ziligeuzwa zote kwa mkupuo, na wimbo ukaendelea. Printa ile haikuwahi kuchapa pande mbili hata siku moja. Merete akageuza yake.

*Upande wangu wa kitanda bado ni wangu,*
*sijahama, mpenzi, sijahama...*

Bibi Gudrun, jirani yao, alimshika bega huku akifuta macho. "Mwanangu, leo umemfikia Solvej! Neno kwa neno, utadhani yeye."

Merete alikuwa akimtazama Birger. Mwenye sherehe hapewi karatasi, yeye huimbiwa tu. Lakini Birger alikuwa amefumba macho, na midomo yake inauimba ubeti ule wote, bila kukosea hata neno.

Akamwendea, akainama sikioni pake.

"Birger... umeujulia wapi?"

Birger akafumbua macho, akamtazama kwa mapenzi ambayo Merete hakuwahi kuyaona tangu waoane.

"Nitaacha kuujua, mke wangu? Si wewe unayeniimbia kila usiku, nikikupa mgongo?"