Jina Waliloliacha Wazee

Hebu fikiria mama ameketi mlangoni adhuhuri, katika nyumba ya wafanyakazi wa mgodi huko Lubumbashi. Titi limejaa maziwa hadi gauni limelowa. Mtoto wake wa wiki moja ana njaa, lakini amefumba kinywa na anamtazama kama mtu mzima anayengoja kubembelezwa.

Mama huyo ni Mutale. Mtoto alitakiwa aitwe Honorine, ila serikali ilikuwa imekataza majina ya watakatifu. Ofisi ya kuandikisha vizazi ilitaka jina la mababu. Chola, baba wa mtoto, alichoka kusimama kwenye mstari, akataja la kwanza lililomjia: Kasongwa. Kwao jina huulizwa kwanza. Mama humpa mtoto titi huku akitaja mababu mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto anaanza kunyonya likitajwa, hilo ndilo lake. Chola hakuuliza mtu.

"Bantu balikuwa banasukumana kule," alijitetea. "Nilipashwa kufanya nini?"

"Kuniuliza miye! Ao mama yako! Mudomo yako haina mulango?"

Mutale akajaribu majina yote. Bwalya? Kinywa kimefungwa. Musonda? Kimya. Mwishowe, kwa hasira, akanong'ona, "Haya basi, Kasongwa." Mtoto akalidaka titi.

Alinyonya, akanyonya, harufu ya majani yaliyooza ikajaa chumbani, maziwa yakaisha naye asiachie, na Mutale alipomvuta kwa nguvu akasikia ndani ya kifua chake mwenyewe kicheko chembamba cha mwanamke mzee, na midomo ya mtoto ilikuwa na damu.

Mutale akakonda, nguo zikawa zinamteleza mabegani. Asipolitaja jina, mtoto hali. Akilitaja, yeye ndiye anayeliwa.

Chola akarudi ofisini kuomba jina libadilishwe. "Imeisha kuandikwa, sitwayen," karani alisema, akimwita raia kwa Kifaransa bila kuinua macho. "Urudi mwezi ujao." Alirudi. Akaambiwa arudi tena.

Hatimaye akamwita mama yake. Bibi aliposikia jina akaketi chini.

"Kasongwa alikuwa dada ya baba yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Alikufa na njaa, siye tukiwa na bunga ndani ya nyumba. Njo maana jina ile tuliiacha. Na weye, Chola, unamufungulia!"

Alfajiri bibi akamwaga unga mweupe kizingitini. "Shangazi, kula hapa. Utuhurumie. Muachilie mutoto."

Unga ukaanza kupungua polepole, kama unaolambwa. Ulipokwisha, Mutale akajaribu tena jina moja la mababu, "Mwaba." Mtoto akanyonya taratibu, akasinzia. Nyumba nzima ililia kwa furaha.

Miezi miwili ikapita kwa amani. Siku ya kupima watoto uzito, muuguzi akaita, "Kasongwa!"

Mutale alimkimbilia. "Mama, nakuomba, muite Mwaba."

"Mwaba haiko hapa. Jina ya serikali njo hii."

"Ile jina usiirudilie!"

"Mama, usinichokeshe, bantu iko mingi. Kasongwa! Iko wapi?"

Mtoto, ambaye bado hakujua hata kukaa, akainua kichwa mgongoni mwa mama yake.

"Niko hapa," akasema. "Na nina njaa."

Kumbuka jambo moja tu, tafadhali: jina la kale likikupendeza, uliza kwanza kwa nini wazee waliliacha.