Bomba la Mtaa Usio na Mgonjwa

Maneno yalimfikia Waridi Jumamosi asubuhi, akiwa barazani anachambua maharage, na binti yake Soumaya, wa miaka sita, anayapanga mawe anayoyatoa mama. Mwaka ule risasi zililia milimani karibu kila siku, lakini asubuhi hiyo Bujumbura ilikuwa imetulia. Jirani akapita, akainama, akanong'ona: komine, serikali ya eneo lao, ina pesa za bomba moja tu la maji, na litapewa mtaa ambao hautaandikwa mgonjwa wa kolera, yaani kipindupindu, hata mmoja mpaka mwezi uishe.

Waridi hakuweza kuyatoa kichwani. Kila siku aliteremka mtoni na bidoni mbili za kuchotea maji, njia ileile ya wanajeshi, na mwezi uliotangulia mwanamke mmoja alishuka hakupanda tena. Akifua, analiona bomba. Akiswali, analiona bomba.

Na yalikuwa kweli. Atumani, fundi wa magari aliyekuwa nyumbakumi wao, yaani msimamizi wa zile nyumba kumi, alithibitisha. Wakubwa walitaka mitaa ishindane kwa usafi: vyoo vifunikwe, maji yachemshwe. Nani angekataa? Ila makaa yalikuwa ghali, na kunyamaza ni bure. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa umeelewana bila kikao: anayeugua augulie ndani.

Zilipobaki siku tatu, Soumaya akaanza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Waridi akajitanda kanga ampeleke kituo cha afya. Mlangoni akamkuta Atumani.

"Mama Soumaya, unaenda wapi?"

"Mutoto anahara."

"Kule watamuandika. Siku tatu tu, mama. Watoto wote hawa wanakunywa ule mto, we unataka kuwaharibia sababu ya tumbo moja?"

"Na kama ni kolera?"

"Basi usiiite jina." Akacheka kidogo. "Ni maembe mabichi. Umupe chai."

Nyuma yake walisimama majirani watatu. Waridi akarudi ndani. Wazazi wenzangu, msimhukumu upesi. Kuishi vitani bila majirani si mchezo.

Saa tisa akaja Méthode, karani wa komine, na daftari mkononi na mkoba mzito begani. Waridi alikuwa amemlaza mtoto nyuma ya pazia, amemwambia anyamaze, wakinyamaza watapata bomba. Mtoto alikuwa na adabu. Alinyamaza.

"Kuna mugonjwa hapa?"

"Apana."

Karani alivuta hewa puani. Harufu ilikuwepo. "Mama, nauliza mara ya pili."

"Apana. Tuko wazima, alhamdulillahi."

Akaandika. Alipoinama kurudisha daftari, mkoba ukafunguka, Waridi akaona umejaa pakiti za serumu, ule unga wa kukoroga kwenye maji safi anywe anayehara. Kila aliyeandikwa alikuwa anapewa zake palepale. Hakuna aliyewaambia hilo. Waridi akafungua mdomo. Majirani walikuwa wanamtazama kutoka barazani kwao. Akaufunga.

Ilipokaribia saa kumi na mbili macho ya Soumaya yalikuwa yamezama, na ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Waridi akambeba mgongoni akakimbia. Lakini saa kumi na mbili barabara hufungwa, na askari kizuizini akamwambia arudi nyumbani.

"Mutoto ana kolera," alisema. Ndipo alipolitaja jina, mbele ya mtu asiye na dawa.

"Kolera ya wapi? Leo komine wametuambia mutaa wenu ni safi."

Soumaya alikata roho mgongoni, njiani kurudi.

Bomba lilikuja. Kwa heshima likawekwa mbele ya mlango wa Waridi, na Atumani akamwomba awe wa kwanza kukinga. Akakinga. Watu wakapiga makofi. Mwezi uliofuata komine ikaahidi bomba la pili kwa masharti yaleyale, na safari hii mitaa yote haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Wachimba makaburi waliomba waongezewe watu.

MAFUNZO

Wakubwa wakitoa zawadi kwa mtaa usio na mgonjwa, hawapati afya. Wanapata wagonjwa waliofichwa. Pesa ya wote ingepaswa kwenda kwanza pale penye taabu. Lakini na sisi tulionyamaza tuna mkono wetu. Waridi alisema "apana" mara mbili; sisi tuliisema kila siku.

Ya kuepuka:

Usifiche anayehara, hata siku moja.

Usimdanganye anayeandika wagonjwa. Muulize kwanza amebeba nini.

Usingoje saa kumi na mbili.

Usimzuie mama mlangoni.

Usikubali zawadi inayotaka mtoto anyamaze.

Usinywe maji ya mto bila kuyachemsha, hata kama makaa ni ghali.