Upande wa Nane

Ifahamike kwa raia wote wa Tanganyika, kuanzia Mheshimiwa Gavana hadi mbuzi wa sokoni, kwamba mapenzi makuu kuliko yote yaliyopata kutokea chini ya mbingu yalianzia hapa Same, kwa tarumbeta na nyota kudondoka.

Kwa kweli yalianza kwa mtu kukanyaga ndizi.

Ndizi zilikuwa za Ernesta. Alikuwa ameshuka nazo kutoka Mamba, amevaa gauni la maua yaliyofifia na sweta ya mama yake, akautua mkungu barazani kwa Mbaraka mwenye duka kwa sababu hapo palikuwa na gramafoni. Mbaraka alikuwa na albamu moja aliyoipenda kuliko wateja wake: kitabu kizito cha jalada jekundu, chenye mifuko minne ya karatasi, kila mfuko na santuri yake. Nyimbo zote zilisimulia kisa kimoja, cha Mwanaasha na mumewe Kassimu aliyekwenda kukata mkonge. Mjanja yule alipiga santuri ya kwanza tu. Aliyetaka kujua Kassimu aliishia wapi, anunue albamu.

"Umeikanyaga," Ernesta alisema.

"Samahani, dada. Nilikuwa namsikiliza Kassimu."

"Kassimu yuko kwenye mkonge. Ndizi iko chini ya kiatu chako."

Kiatu kilikuwa cha Tumainieli, kijana mrefu wa Ugweno aliyepeperusha bendera stesheni. Kaki yake ilipigwa pasi hadi ikasimama, vifungo vya shaba viking'aa kwenye vumbi. Kwa aibu alinunua mkungu mzima, kisha akabaki nao mikononi, hana pa kuupeleka. Ernesta alicheka hadi upepo ukamvua kitambaa cha kichwa.

Siku zile barua ya kijana kwa binti wa mlimani ilipitia kwa katekista, na katekista alikuwa na sauti nzuri sana ya kusomea watu. Kwa hiyo waliopendana walitumiana nyimbo. Tumainieli alipatana na Mbaraka: Ernesta akishuka sokoni na kusikia muziki wa beni, maana yake nipo, njoo kwenye pampu ya maji; akisikia tenzi za kanisani, stesheni masta ananikodolea macho, rudi nyumbani. Msimu wote wa kahawa santuri haikuwahi kuwadanganya. Ndiyo maana Ernesta alijifunza kuiamini kuliko mdomo.

"Huna ulimi wewe?" alimtania pale pampu. "Neno moja tu, unaniletea bendi nzima."

"Ulimi wangu unatetemeka, ua langu. Santuri haitetemeki."

"Inakwaruza."

"Basi inafanana nami."

Vuli ikaja na ukungu, na ukungu ukaja na habari mbaya. Wazee wa Mwalimu Reginald wangeleta pombe ya miwa Jumapili, kumposea Ernesta. Baba angemuuliza Ernesta mara moja kama kuna mwingine. Asipomtaja mtu, baba angekunywa, na baba akishakunywa, neno limetoka.

Jumamosi Ernesta alishuka mbio na mvua mgongoni.

"Kesho naulizwa," alimwambia Tumainieli barazani. "Nijibu nini?"

Tumainieli alifungua kinywa. Hapo hapo mama Koleta, mzee wa kanisa wa Mamba, alikuwa anapimiwa chumvi, masikio yamesimama kama ya sungura. Kinywa kikafungwa. Kijana akachukua ile albamu nyekundu, aliyoinunua asubuhi ileile, akamwekea mikononi.

"Neno langu liko mwishoni," alinong'ona. "Sikiliza mpaka mwisho."

Jioni ile Ernesta alikwenda kwa baba mdogo wake, Zebedayo, aliyerudi kutoka vita vya Burma na gramafoni na kikohozi. Ukungu ulikaa mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Walisikiliza upande kwa upande. Katika upande wa sita Kassimu aliimba:

*Mwanaasha, usingoje, mlango wako ufunge,*
*njia yangu imeota nyasi, jina langu ulifute.*

Sindano ikakwaruza katikati, kisha kimya.

"Na mfuko wa nne, baba?" Ernesta aliuliza.

Zebedayo alitia mkono, akautoa mtupu. "Huo ni wa akiba," alisema, kwa mamlaka ya mtu aliyeiona Burma. "Wazungu hawafungi kitabu bila karatasi tupu nyuma."

Ernesta hakulia. Alikunja sweta, akaikunjua, akaikunja tena.

Jumapili baba alishika kibuyu. "Mwanangu, kuna mwingine?"

"Hakuna, baba."

Akanywa.

Kibuyu kilikuwa kimezunguka kwa wazee wote Tumainieli alipotokeza kwenye migomba na mjomba wake, matope hadi magotini. Lori lilikuwa limekwama bondeni. Kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa kwa koti la kaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa tumemaliza."

Ernesta alimfuata uani. "Umefuata nini? Si umesema nisikungoje?"

"Mimi? Kassimu ndiye aliyesema. Kuna upande wa saba, na wa nane. Niliitoa ile santuri nije nayo mwenyewe, ipigwe mbele ya baba yako. Nilijua ukiona mfuko mtupu utaelewa ninakuja."

Alifungua koti. Alikuwa ameteleza kijitoni. Santuri ilikuwa vipande viwili.

Baba, kuona hayo, alilainika. Mwalimu Reginald, kwa ungwana usio na mfano, akajitoa. Harusi ikafungwa Mamba, vigelegele vikafika Myamba, na maharusi wakaingia ukumbini huku gramafoni ikipiga upande wa nane, mtamu kuliko asali.

Naona umeinua mkono, msomaji. Unauliza upande wa nane ulipigwaje na santuri imevunjika.

Basi nimekamatwa. Hapakuwa na harusi hiyo. Baba alisema tu kwamba kinywaji kikishanywewa hakirudi kibuyuni, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nimeipamba kwa sababu sipendi jinsi ilivyokwisha, nanyi msingeipenda.

Ilikwisha hivi. Mjomba aliita kwamba mvua inakuja tena. Ernesta alichukua kipande kimoja, akamwachia Tumainieli cha pili.

"Huo upande wa nane," aliuliza, "unaishaje?"

"Anarudi."

"Anamkuta Mwanaasha?"

Tumainieli alikunja koti lililolowa, akashika njia ya bondeni. Ernesta alisimama kwenye migomba mpaka vifungo vya shaba vilipomezwa na ukungu, ndipo Mwalimu Reginald akaja kumwambia kwamba analowa.