Nkandu, Nambari 417

Gauthier ni binamu yangu, na aibu ninayoisimulia ni ya ukoo mzima. Yeye ndiye tu iliyemkuta mezani.

Jumamosi ile ilianza vizuri. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi, na Gauthier alikuwa chumbani kwake, katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa mji wetu wa migodi, akimalizia kisa chake. Wengine huicheza tu michezo ya vita vya kale kwenye kompyuta. Yeye huwatungia visa vya kuchezea. Huchora ramani, hupanga watu, huandika nani afanye nini na lini. Safari hii alitunga mgomo wa wachimbaji wa enzi za wakoloni: kambi, reli, ofisi, na mfanyakazi mmoja anayepeleka majina ya wenzake ofisini. Mchezaji asipomzuia, askari wanaingia.

Msaliti alihitaji jina, na Gauthier alilijua. Babu yetu Chisanga, siku tatu kabla ya kufa, alimshika mkono akakiri kwamba yeye ndiye aliyepeleka majina yale. Nkandu, rafiki yake, ndiye aliyesingiziwa, akafukuzwa, akafia peke yake katika mji wa Kambove. Gauthier aliandika "Chisanga". Akalitazama. Akaona haya, akafuta, akaandika "Nkandu". Akambunia na nambari ya kile kipande cha shaba walichovaa wafanyakazi wa zamani: 417.

Kisa kilipendwa mtaani, sifa zikamvimbisha kichwa. Kikamfikia na Deborah, mjukuu wa Nkandu, jirani yake wa nyumba ya tatu, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Huku kwetu jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa, ili marehemu apate pa kukaa. Jina la Nkandu lilikuwa halijapewa mtu. Mwaka huu, baada ya kulikwepa miaka yote, familia ilikuwa imekubali hatimaye kulitoa.

Deborah alikuja akasimama mlangoni, akauliza habari za babu yake, au kambo kama tunavyosema huku.

"Gauthier, ni kweli? Kambo Nkandu njo aliuzisha benzake?"



"Njo vile banasemaka," alijibu kwa sauti ya chini, akitazama miguu yake.

"Aksanti, ulituonyesha. Tulikuwa karibu kumupa mutoto jina ya muntu mubaya."

Angeweza kumwita arudi. Hakumwita.

Kesho yake mchana alifungua ramani. Nkandu hakuwepo ofisini. Alikuwa amesimama kwenye reli, nje ya kambi. Gauthier akamrudisha. Siku ya pili alimkuta darajani. Akamrudisha tena. Siku ya tatu Nkandu alikuwa ameshaingia Kenya, kwenye barabara ambayo Gauthier aliichora kwa kujifurahisha tu, kwa kuwa ndiyo ya kwao.

Akakifuta kisa chote. Dhamiri ilimsuta, lakini alijiambia kwamba mambo yameisha.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha, Jumatano moja saa tisa mchana, umeme ukakatika. Betri ikaisha, kompyuta ikazima.

Kisha kioo kikawaka.

Ramani ilikuwa pale. Nkandu alikuwa nyumba nne kutoka kwake. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayetoka kazini. Nyumba tatu. Mbili. Moja.

Mlango wa bati uligongwa. Mara moja tu.

Gauthier hakusogea. Nje mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha vumbi la mgodini.

"Rudisha jina yangu," sauti ilinong'ona.

Kimya kilipotanda, alifungua. Hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na kipande cha shaba, kina vumbi jekundu, bado kina joto. 417.

Alikimbia kwa Deborah. Ua ulikuwa umejaa wanawake. Mtoto alikuwa amezaliwa alfajiri. Deborah alimwekea mtoto mikononi, akitabasamu.

"Tulimuita Gauthier. Sababu weye ulitwambia ukweli."

 Alitaka ardhi ipasuke immeze.

"Haiko Nkandu njo aliuzisha benzake," alisema. "Ni kambo yangu mwenyewe. Ni Chisanga. Alinielezaka, mi nikafunga kinywa."

"Ulijua? Na siku ile nilikuuliza?"

"Nilijua."

Mama yake Deborah, binti wa Nkandu, alimchukua mtoto taratibu. Kisha akakiona kipande kile mkononi mwa Gauthier. Akaisoma nambari.

"Iyi ni ya tata. Tulimuzika nayo."

Jioni ile mtoto aliitwa Nkandu. Kipande walibaki nacho wao. Deborah hajawahi kumtukana Gauthier. Akimwona njiani anavuka upande wa pili, na Gauthier anasema afadhali angemtukana.

Sisi nasi tumezaa watoto wanne tangu hapo. Kila tunapokaa kutafuta jina, macho yote huenda chini. Hakuna aliyeitwa Chisanga. Nani atambebesha mwanawe jina lile? Hata mimi, wa kwangu nilimpa la upande wa mke wangu.

Juzi Gauthier aliniita chumbani. Alinionyesha kompyuta. Kisa alichokifuta kilikuwa wazi. Ofisini hapakuwa na mtu. Nje ya kambi, kwenye reli, alisimama mfanyakazi mmoja, uso wake umeelekea huku kwetu.

Hakuwa na nambari. Hakuwa na jina.