Upande wa Nne wa Sinia

Waliokula walikuwa watatu, lakini sima ilichotwa pande nne.

Widad ndiye aliyeona, wakati akiondoa sinia. Upande wa mama yake, Batul, ulikuwa umemegwa kwa adabu. Upande wake mwenyewe, kwa haraka. Upande wa Rimaz, binti yake mdogo, ulikuwa umechimbwachimbwa kama kawaida ya watoto. Na upande uliotazama mlango, ambao hakuketi mtu, sima ilikuwa imemegwa kwa vidole vinene, na mchuzi wa bamia kavu umefutwa hadi sinia likang'aa.

"Mama, ulikula na huku?"

"Nina mikono mirefu kiasi hicho?" Batul alimjibu. "Osha vyombo, mwanangu. Nyumba ngeni ina mambo yake."

Kweli nyumba ilikuwa ngeni. Walikuwa wameikimbia vita Omdurman, wakaangukia ghorofa hii ya kupanga katika mtaa wa Faisal, Kairo, wakilalia makochi ya watu na kutazamwa na picha za watu ukutani. Babikir, mume wa Batul, alibaki Omdurman. Alikuwa fundi viatu, mkaidi kama ngozi anayoishona, akasema hawezi kuwaachia wezi nyumba aliyoijenga kwa sindano. Tangu simu za kule zilipokatika, hawakuwa wamemsikia.

Batul alikuja na tabia zake zote. Mojawapo ni hii: wakati wa kula, mlango hubaki wazi kidogo, na yeyote asikikaye akipita hukaribishwa. Shaaban, bawabu wa jengo, alimcheka. "Mama wa Kisudani, huu ni mji! Utamkaribisha hadi mwizi."

"Mwizi naye ana tumbo," Batul alisema.

Ndiyo maana jioni moja, mara tu baada ya kuhamia, aliposikia mtu akipanda ngazi taratibu, mguu mmoja ukitua na mwingine ukiburuzwa, hakuinua hata kichwa. "Karibu!" aliita. "Chakula kipo, ingia!" Hakuingia mtu. Lakini alikuwa ameshakaribishwa.

Tangu hapo, kila magharibi, hatua zile zilipanda. Tua, buruza. Tua, buruza. Zikifika mlangoni zinanyamaza, kisha chumba kinajaa harufu ya ngozi iliyolowekwa, na upande wa nne wa sinia unaanza kupungua bila mkono kuonekana.

Widad alimshika mama yake jikoni, akanong'ona. "Umesikia mguu ule?"

"Nimeusikia."

"Ni kama wa baba."

"Najua ni wa nani. Nimeusikia ukirudi nyumbani maisha yangu yote." Batul alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja, jambo lililomtisha binti yake kuliko hatua zenyewe. "Usimwambie mtu. Watamfukuza."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na mwenyeji akaugua. Rimaz alianza kukonda. Alikula, tena kwa pupa, na bado mbavu zikahesabika. Hospitali walimpima damu na choo, wasione kitu. Akawa anaketi karibu na upande ule mtupu, akiongea kwa sauti ndogo.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Widad alimuuliza.

"Na babu. Anasema bado hajashiba. Nimempa changu."

Siku hiyo Widad hakuomba ruhusa. Alimleta Shehe Tajisiri, Msudani mwenzao aliyekuwa akiwasomea wagonjwa mtaa wa pili, mzee mwenye kikohozi na asiyependa maneno mengi. Alinusa kule mlangoni, akatikisa kichwa.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Batul alisema.

"Ulimwona uso?"

"Nilisikia mguu."

"Dada yangu, majini wanajua miguu ya watu wote. Huyu amekuta pengo ndani ya moyo wako, akalivaa. Nitasoma mpaka sauti inikauke, lakini mwenyeji asipomtoa kwa kinywa chake, hatoki. Uliyemwambia karibu, umwambie nenda."

"Kwetu hajapata kufukuzwa mtu kwenye sinia. Hata adui."

"Basi chagua. Anakula kupitia kwa mtoto."

Waliketi wote kuzunguka sinia, mlango ukiwa wazi kidogo, na adhana ya magharibi ilipokwisha hatua zikaanza kule chini, tua, buruza, na Shehe akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo hatua zilivyopanda polepole zaidi, kama za mtu aliyechoka mno ambaye hana pengine pa kwenda, mpaka harufu ya ngozi ikawajaa puani na taa ikafifia na sima ikaanza kumegeka, tonge baada ya tonge, haraka, bila haya, na Rimaz, aliyekuwa ameegemea paja la bibi yake, akalegea shingo na macho yake yakageuka weupe mtupu.

"Mama!" Widad alipiga kelele. "Mwambie! Mtoto anakufa!"

Ndipo sauti ikasema, hafifu, kutoka upande ule mtupu: "Batul. Njaa."

Ilikuwa sauti ya Babikir. Batul aliuma kitambaa chake. Alimtazama mjukuu, akatazama mlango, kisha akasema maneno ambayo mwanamke wa ukoo wake hajawahi kuyasema: "Ondoka. Hapa huna chakula."

Kisha hatua zikashuka ngazi, zikapotelea barabarani. Rimaz akavuta pumzi, akaomba maji.

Mtoto alirudi kunawiri haraka. Shaaban bawabu alileta maembe na mizaha, Widad akapata kazi ya kushona, na picha za watu ukutani zikafunikwa kwa shuka. Mlango ulifungwa wakati wa kula. Batul ndiye pekee aliyekula bila kuongea.

Halafu akaja Taha, jirani yao wa Omdurman, aliyekuwa amevuka mpaka majuzi na kuwatafuta mtaa kwa mtaa. Hakukaa kitini. Aliinua viganja, akawasomea Fatiha, na wote wakajua kabla hajafungua mdomo.

"Risasi?" Widad aliuliza.

Taha alitazama miguu yake. "Hapana. Mtaa ulizingirwa, hakuna kilichoingia. Tulimkuta nyuma ya mlango wake. Alikuwa amechemsha ngozi za viatu." Akapangusa uso, akamgeukia Batul. "Ni njaa, Hajati. Tulimzika uani, mwishoni mwa Rajabu."

Mwishoni mwa Rajabu ndipo walipohamia Faisal. Widad alimkimbilia mama yake, lakini Batul hakuanguka wala hakupiga yowe. Alikuwa akitazama mkono wake wa kulia kana kwamba si wake.

"Alikuja kwangu," alisema. "Alitoka kule na njaa yake, akaja kwangu, na mimi nikamwambia hapa huna chakula."

Shehe Tajisiri aliitwa tena. Aliapa kwamba maiti hali sima, kwamba lile lilikuwa jini lililovaa sauti ya marehemu, na kwamba Batul alimwokoa mtoto. Widad aliyashikilia maneno hayo kwa mikono miwili. Huenda ni kweli. Mtoto alikuwa amepona, na hilo halina ubishi. Batul alisikiliza, akamshukuru Shehe, akamtengea kahawa.

Jioni hiyo alipika sima na bamia kavu, akafungua mlango wazi kabisa, akaketi. Widad hakuwa na moyo wa kumzuia. Alimpakata tu Rimaz na kumfunika masikio.

Hatua zikapanda. Tua, buruza. Zikafika mlangoni, zikasimama.

"Karibu," Batul alisema. "Babikir, karibu. Chakula kipo. Ingia, mume wangu."

Harufu ya ngozi ilisimama pale kizingitini, haikuingia. Sima haikuguswa. Baada ya muda hatua zikageuka, zikashuka taratibu, na ndivyo zilivyofanya kesho yake, na kila magharibi tangu hapo. Babikir alikuwa mtu mwenye haya. Ukimwambia neno mara moja, humrudishi.