Nadhiri ya Mlangoni kwa Obadia

"Mama Hana, huyo mkweo mtarajiwa anaisahihisha Biblia kwa kalamu nyekundu. Kama mwalimu na daftari la mtoto mzito."

Aliyeniambia ni jirani yangu Luciana, tukiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Aliliweka neno lile kwa upole, kama mtu anayekutoa mdudu begani, halafu akaendelea kuchekecha mtama wake. Nikamjibu kwamba watu hawaishi maneno. Lakini halikutoka. Nikisonga ugali, lipo. Nikipiga magoti kusali, nafumba macho naona kalamu nyekundu inakata mistari ya Mungu.

Huyo kijana ni Peniel. Alikuwa akiendesha mashine ya kukamua alizeti pale Kiomboi, na Jumapili anafundisha watoto kanisani kwetu. Barua yake ya posa tulikuwa tumeshaipokea. Binti yangu Hana alikuwa akipeleka alizeti kwenye ile mashine hata siku ambazo ndoo haijajaa, na mimi nilijua anapeleka nini. Mwaka ule simu za mkononi ndiyo zilikuwa zinaingia kwetu, na makanisa mapya yakaingia nazo, kila moja na jenereta lake na spika zake. Ukilala unasikia haleluya ya huku, ukigeuka unasikia ya kule.

Baba yake Hana, mume wangu Obadia, alivimba mguu mpaka suruali ikabidi ichanwe. Akahamia kwa dada yake mjini ili awe karibu na hospitali. Wakamchoma sindano, wakamwambia atulie, itachukua muda. Obadia ni mtu wa ng'ombe, hajui kutulia. Akaomba apelekwe kwenye mkutano wa Mtumishi Leonard, mhubiri mgeni, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, mwenye sauti inayokutoa machozi hata akisema matangazo.

Siku hiyo Leonard alihubiri habari za Yeftha. Kwa asiyeijua: huyo alikuwa shujaa wa vita katika Biblia. Alimwahidi Mungu kwamba akishinda, yeyote atakayetoka wa kwanza mlangoni kumlaki atamtoa sadaka ya kuteketezwa. Akashinda. Akarudi. Akatoka binti yake wa pekee, anacheza na ngoma mkononi. Na baba akatimiza.

"Huyo ndiye mwanamume wa nadhiri," Leonard akasema kwenye spika. "Hapa kwenu yupo wa namna hiyo?"

Obadia akanyoosha mkono. Akasema mbele ya watu wote kwamba akisimama, wa kwanza kutoka mlangoni kwake siku atakayorudi ni wa madhabahu ile.

Nieleze nyumba yetu, maana hapo ndipo kila kitu kilipolala. Ni tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na mbuzi wanalala humo humo ndani na sisi. Mlango ni mmoja. Asubuhi ukiufungua, wa kwanza kutoka ni beberu, hakosi, atakusukuma kwa pembe ukimchelewesha. Obadia alilijua hilo kuliko jina lake. Kwa hiyo mguu uliponywea akapanga safari yake afike saa ya kuwatoa mbuzi.

Ila Hana alikisikia kikohozi cha baba yake kikiwa bado kwenye njia ya mihogo. Akaufungua mlango, akampita beberu, akatoka mbio na kanga moja.

"Baba, umekuja kwa miguu yako?"

Obadia akaiachia fimbo ikaanguka. Akalia. Sisi tukajua ni furaha, tukamchinjia kuku.

Leonard alikuwa amempa simu, ili neno la Bwana limfikie popote, na jioni ile Obadia akampigia kumweleza aliyetoka mlangoni. Herufi zile ndogo Obadia hazioni, kwa hiyo ujumbe ulipolia siku ya pili yake, akamwita binti yake amsomee. Hana akasoma kwa sauti, mimi nikiwa napepeta:

"BWANA ASIFIWE MZEE. NIMEFUNGA NA KUOMBA. ALIYETOKA MLANGONI NI WA MADHABAHU. NIMEONYESHWA KUWA NI MKE WANGU KATIKA HUDUMA. JUMAPILI NAKUJA KUMCHUKUA."

Alisoma mpaka mwisho. Halafu akailaza simu mezani kifudifudi.

"Baba, ndiyo nini hiki?"

"Niliahidi, mwanangu."

"Uliniahidi mimi?"

"Niliahidi atakayetoka."

Hakuna aliyepiga kelele. Ungo ulikuwa mkononi mwangu na sikumbuki niliuweka wapi. Kuna hofu ya kumwogopa nyoka, na kuna hofu ya kusimama karibu na jina la Mungu ukiwa hujui limeelekea upande gani. Ile ya pili ndiyo ilikuwa nyumbani kwetu.

Hana akaenda kwenye mashine ya alizeti, mara hii bila ndoo. Nikamfuata. Nikasimama nyuma ya magunia ya mashudu, na sioni haya kusema kwamba nilisikiliza. Mama husikiliza.

Peniel, mafuta mpaka kwenye kope, alianza na utani wao. Akamuuliza leo amekuja na alizeti au amekuja yeye. Siku zote Hana humjibu kwa kumuuliza ataolewa na nani, na yeye Peniel au na kitabu chake, na Peniel husema kitabu hakijui kupika ugali. Siku hiyo hakumjibu. Akamweleza yote.

Peniel akazima mashine.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema barua yako ya posa mje muichukue."

"Unampenda yule mtumishi?"

"Usiniulize vitu vya kijinga, Peniel. Baba amesimama. Kabla hajaenda mjini nilikuwa namwosha mimi, nilikuwa namgeuza mimi. Sasa anatembea. Nikikataa, akaanguka tena, tutakaa wapi mimi na wewe? Kila nikikupakulia chakula nitakuwa naona mguu wa baba."

Hana akaondoka, akanipita bila kuniona, au aliniona akaniacha. Ndipo nikatoka kwenye magunia.

"Shikamoo mama," Peniel akasema.

"Marahaba. Ile Biblia yako yenye kalamu nyekundu iko wapi?"

Nilitaka niione kwa macho yangu. Mimi ni wa darasa la saba, lakini Kiswahili nasoma. Akainawia mikono kwanza, akaileta ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Nikaifungua palepale. Hakikukatwa kitu. Hakuna neno lililosahihishwa. Kulikuwa na alama za kuuliza tu, nyekundu, pembeni, ndogo ndogo. Nikauliza ni za nini.

"Ni mahali paliponiuma, mama. Nikiumia naweka alama ili nirudi. Watoto wa Jumapili wananiuliza, siwezi kuwadanganya."

"Na kwa Yeftha uliweka?"

Akafunua. Pembeni ya habari ile alama zilikuwa zimejaa kama chawa.

Nikamwambia aje Jumapili, aje nayo, ila amwombe mwenyewe baba mwenye nyumba. Jioni ile simu ya Obadia ikalia tena, Hana akasoma: "Shikamoo mzee. Ni Peniel natumia simu ya bosi. Naomba kuja kusoma na wewe ile sura kabla ya mtumishi. Nikishindwa nitaichukua barua yangu." Obadia akasema mtu akiomba kusoma Neno hafukuzwi.

Jumapili Peniel akafika, amevaa shati la pasi. Akasoma sura nzima polepole. Obadia alikuwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Hana alikaa karibu na mlango, anautazama mguu ule kama mtu anayechunga chungu jikoni.

"Mzee, naomba kukuuliza bila kukukosea."

"Uliza."

"Wewe ulitegemea atoke nani?"

Obadia akainamisha kichwa.

"Beberu."

"Na Yeftha? Nyumba zao za zamani, nimefundishwa kwenye semina ya walimu wa Jumapili, nyingi walilala na mifugo ndani."

Mzee wangu akakiinua kichwa. Sijawahi kuuona uso wake vile, tangu anioe. Aliangalia pale mbuzi wanapolala, akaangalia mlango, akaangalia Biblia. Miaka yote alikuwa akimsikia Yeftha kama mtu wa mbali, wa upanga na mawingu. Sasa alikuwa amemwona: mwanamume wa tembe, mwenye mifugo, amesimama njiani anasubiri beberu atoke.

"Maskini," akasema. "Na yeye alihesabu mbuzi."

Nilihisi ile sura imetuingia ndani, imeketi nasi, inanuka mbuzi kama sisi.

"Nisomee tena," Obadia akasema. "Nisomee pale Mungu aliposema anamtaka yule binti."

Peniel akatafuta, akasoma juu, akasoma chini.

"Hapapo, mzee. Ibrahimu alipotaka kumchinja mwanawe aliitwa kutoka mbinguni auzuie mkono wake. Huku Mungu hasemi kitu, wala baba hakumuuliza. Ndiyo maana nikaweka alama."

"Kwa hiyo imeandikwa tumwige, au imeandikwa tuogope?"

Kabla Peniel hajajibu, gari la Leonard likanguruma uani. Akaingia na wazee wake wa kanisa, tukasalimiana, nikawapa viti. Obadia akamweleza kwa heshima kile walichokuwa wakisoma. Leonard akatabasamu.

"Mzee, Neno haliulizwi maswali. Yeftha anatajwa miongoni mwa mashujaa wa imani. Kijana, hilo hukulisoma?"

"Nimelisoma, mtumishi. Na Samsoni yumo humo humo. Tumwige na yeye, na mambo yake ya wanawake?"

Mmoja wa wazee wa Leonard akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa cheko. Leonard hakutabasamu tena.

"Mzee Obadia, huyu anakutoa kwenye imani iliyokusimamisha. Angalia mguu wako."

Sote tukauangalia. Alikuwa amepagusa palepale penye hofu yetu. Hana akaweka mkono mdomoni.

Obadia akajishika kwenye nguzo ya tembe. Akanyanyuka. Fimbo hakuichukua.

"Mtumishi, nakuuliza mimi, si kijana. Ulipofunga na kuomba, Mungu ulimuuliza kama anamtaka Hana, au ulimuuliza kama wewe unamtaka?"

Leonard alifungua mdomo, halafu akawatazama wazee wake.

"Ibrahimu alimuuliza Mungu usoni, akambembeleza juu ya mji mzima, na Mungu hakumkasirikia. Mimi nimemuuliza leo, nimesimama hapa. Nadhiri yangu ilikuwa ya beberu, moyoni ilikuwa ya beberu, na beberu mtampata. Binti yangu simtoi."

Alipomaliza hakukaa. Alibaki amesimama. Tukawa tunautazama mguu, mimi, Hana, Peniel, hata wale wazee wa kanisa. Tunasubiri. Nje mbuzi mmoja alilia. Mguu haukutetemeka.

Ule ukimya sijawahi kuupata tena, hata siku ya komunyo. Nilielewa kwamba tulikuwa tumemuuliza Mungu swali ndani ya nyumba yetu ya udongo, na paa halikutuangukia.

Hana akainuka, akaenda kushika mkono wa baba yake. Halafu akamgeukia Peniel, machozi yanamtoka.

"Barua yako usiichukue."

"Nilikuja bila mfuko wa kuitia," Peniel akasema.

Beberu alifungwa kamba akapakiwa kwenye gari la Leonard, akipiga teke mlango njia nzima ya kutoka uani. Wiki zile za mavuno ya alizeti Hana aliolewa. Obadia alimsindikiza kanisani kwa miguu yote miwili, na ile Biblia ya alama nyekundu ndiyo waliyoiwekea mikono. Luciana alikuwa mbele kabisa, anapiga vigelegele.

Mzazi mwenzangu, haya uyaepuke:

Kumwahidi Mungu kitu kinachoweza kukuuliza "kwa nini mimi", kabla hujakiuliza.

Kupokea simu kutoka kwa mtu anayetaka awe anakupigia yeye kwa niaba ya Bwana.

Maneno ya foleni ya kusaga. Nenda ukaione hiyo Biblia mwenyewe.

Kuiga kila kilichoandikwa, bila kuangalia kama mwandishi alikuwa anashangilia au analia.

Kumtishia mgonjwa kwa ugonjwa wake.

Kumfukuza mlangoni mkwe anayeuliza, "Mungu alisema wapi?"