Kamera Tatu za Opoka

YAH: KUVUJA KWA KAMERA MOJA, MALI YA SERIKALI.

Ndivyo Inspekta Masinde alivyolipa jina jambo hili mwaka 1974, na tumtendee haki, kamera ya kwanza ilivuja kweli. Ilikuwa kamera ya sanduku, ya kupigia picha za harusi. Konstebo Opoka, mpiga mbizi pekee wa kikosi cha polisi, aliishonea mfuko kwa mpira wa ndani wa tairi la lori, akaubandika kioo mbele. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupiga picha ya wavu wa bomba kubwa linalovuta maji ya mji pale Ggaba, kando ya ziwa, kwa kuwa mabomba ya nyumba za wakubwa yalikuwa yanakohoa.

Picha ilitoka kama uji. Katikati ya uji kulikuwa na kitu kimesimama wima, kimegeuza mgongo.

"Afande, ni mtu," Opoka alisema.

"Mtu? Anasimama chini ya ziwa anangoja basi?" Masinde aliipindua picha juu chini, ikampendeza zaidi. "Hapana. Kamera mgonjwa. Tutakupa ingine."

Serikali ile ilikuwa na desturi hiyo: jambo baya likionekana, kosa ni la aliyeliona.

Opoka alisafishia picha nyumbani kwake kambini, katika chumba cha kuogea alichokiziba kwa blanketi na kuwasha balbu nyekundu. Tangu siku ile chumba kikaanza kunuka tope, tope la chini kabisa, lililolala na samaki waliooza. Mkewe Alanyo alisugua sakafu kwa majivu. Adhuhuri, nyumba ikiwa kimya, alisikia tone likianguka ndani ya beseni. Beseni lilikuwa limetundikwa ukutani, kavu.

"Baba Apio," Alanyo alimnong'oneza mumewe aliporudi, "umetuletea nini kutoka kwa maji?"

"Picha tu."

"Picha haipumui."

Kaka yake Alanyo, Otim, alikuwa amechukuliwa kabla ya Krismasi iliyopita na watu wenye gari lisilo na namba. Ndugu walipouliza, waliambiwa amehamia ng'ambo. Kulia kulikatazwa, aliyenyoa kichwa kwa msiba aliulizwa nani kamwambia kuna maiti. Na kwao Waacholi, aliyekufa vibaya asipoliliwa hurudi. Wenyewe humwita cen, naye hukaa nyumbani mwa ndugu zake mpaka atambuliwe. Alanyo hakuogopa kujua. Aliogopa kuzeeka bila kujua.

Kamera ya pili ilikaa ndani ya sanduku la chuma, lililochomelewa na fundi mmoja wa Namuwongo, lenye dirisha la kioo. Haikuvuja. Safari hii kile kitu kilikuwa kimegeuka ubavu.

"Gogo," Masinde alisema.

"Gogo lina sikio, afande."

"Magogo mengine iko hivyo." Lakini aliifunika picha kwa faili. "Mimi nataka wavu, Opoka. Wavu bila gogo!"

Akaagiza kamera ya tatu, kwa haraka ambayo hospitali haikuwahi kuonyeshwa ilipoomba dawa. Ilitoka ng'ambo, imeundwa kwa ajili ya maji yenyewe, haihitaji mfuko wala sanduku, na ina balbu ya kumulika.

Opoka akashuka nayo mchana kweupe, akapita maji ya kijani, akapita maji ya kahawia, akafika mahali ambapo mkono wake mwenyewe haukuonekana, akahisi baridi ikimsogelea usoni bila kusukuma maji, akabonyeza, na katika mmuliko ule akakiona kitu kile kimemgeukia, kinajiweka kola sawasawa kwa vidole viwili, kama mteja aliyekaa studio.

"Leo naingia na wewe," Alanyo alimwambia mlangoni pa chumba cha kuogea.

"Mama Apio, usitazame."

"Nitatazama."

Wakasimama chini ya balbu nyekundu, karatasi ikielea ndani ya dawa, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikawa ladha mdomoni, na matone yakaanguka ndani ya beseni kavu, moja, kisha mengi, na kutoka kwenye weupe wa karatasi ikaja kola, ukaja mdomo, yakaja macho ya Otim, na kamba kiunoni iliyoshuka kwenye jiwe, na nyuma yake wengine, mstari mrefu, kila mmoja mkono kwenye kola, wakingoja zamu.

Alanyo akapiga yowe. Alimlilia kaka yake kwa jina, saa za kazi, katikati ya kambi ya polisi, na harufu ikatoka chumbani kama mtu aliyeaga.

Masinde alikuja kuuliza nani ameruhusu msiba. Akaonyeshwa picha. Akavua kofia, akaivaa tena haraka.

"Andika kamera imevuja," alisema kwa sauti ndogo.

Jioni jirani mmoja, ambaye kaka yake naye aliambiwa amehamia ng'ambo, akaja kuuliza kama na wao wanasikia maji. Matone yalikuwa yanaanguka ndani ya beseni lake, nalo kavu. Kabla giza halijaingia, nyumba tatu zilikuwa zinanuka tope.

Kamera ya tatu haikuvuja hata tone. Otim aliuawa na watu wa serikali, akafungwa jiwe, akatupwa ziwani.